Ubao Mzima

Ukinikuta asubuhi usiniulize kama mimi ni mzima. Niulize nimelalaje, niulize kama nimekula, niulize hata kama watoto wangu wamenichoka, nitakujibu. Lakini hilo neno la uzima silijibu. Hapa Lyulilo wote wanajua, wananiita mzee Enoki mwenye kisirani, na wala hawajakosea. Ila kisirani changu kina mwanzo wake. Na kwa kuwa leo ninyi vijana mmeniletea magitaa yenu, mnataka niwaambie mbao ipi bora, ile ya kipande kimoja au hii ya tabaka mnayoiita plaiwudi, basi nitawaambia. Kaeni. Na wewe, usikalie hiyo randa!

Jibu la swali lenu si langu mimi fundi. Ni la marehemu mke wangu, Yunis, ambaye hakushika randa hata siku moja maishani mwake.

Yunis alikuwa Mkisi wa hapahapa ufukweni mwa ziwa, mfinyanzi, binti wa mfinyanzi. Mfupi, mikono imekakamaa, udongo hadi kwenye viwiko. Mimi ni Mnyakyusa wa upande wa Itungi, kwa hiyo alinicheka tangu siku ya kwanza. Alisema sisi watu wa tambarare tunajua ndizi tu, vingine vyote tunasimuliwa. Nami nilimwambia Wakisi wanaota ndoto wamekaa kwenye mtumbwi. Ndivyo tulivyoishi, tukichokozana.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Hauzi chungu kabla hajakigonga. Akikitoa kwenye moto kikapoa, anakishika mdomoni kwa vidole viwili, anakipiga kwa vifundo vya mkono wa kulia, ko, ko, na sikio lake liko papo hapo. Kama kimeitika vizuri, kinakwenda sokoni, kinapakiwa mtumbwini. Kama kina ufa, hata ufa ambao mimi na macho yangu yote siuoni, anakiweka kando. Na hakitupi! Anakiingiza ndani, anakitilia mpunga au mahindi. Nyumba yetu ilijaa vyungu vyenye ufa mpaka ukitaka kugeuka kitandani unaomba ruhusa. Nikimwambia, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "Mama Anyisile, hivi vitupe," ananijibu, "Baba Anyisile, kwangu hakitupwi kitu. Wewe mwenyewe nimekuweka."

Alikuwa akigonga kila kitu. Boga, mlango, mtumbwi wa watu, hata kichwa changu nikiwa nimemuudhi. Nilikuwa nakereka sana. Mimi nilikuwa fundi wa kusomea, miaka minne kwenye karakana ya misheni, najua pembe mraba, najua gundi ya ngozi, halafu mwanamke ananigongea stuli yangu na kusema mguu wa tatu hauko sawa. Na kweli unakuta hauko sawa!

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Yotamu. Mama yao alikufa Yotamu akiwa anatambaa, na Yunis ndiye aliyemlea, ingawa naye alikuwa mtoto. Kijana mwembamba, mcheshi, mpiga kasia hodari, ila kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Masika yakianza, alikohoa mpaka masika yaishe. Yunis alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, nami sikuona vibaya. Hata mimi nilimpenda.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoanza. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya vita ya Wadachi na Waingereza, mwezi wa kwanza, mvua imepamba moto. Hapa ufukweni palikuwa na Mdachi mmoja mnunuzi wa mpira wa mwitu, amejenga ghala na nyumba ya bati. Tulimwita Bwana Saa, kwa sababu hakusema neno bila kuitoa saa yake mfukoni na kuitazama. Siku hiyo Yotamu na wenzake walikwenda kwa mtumbwi kushusha mizigo yake kutoka kwenye meli. Katika mizigo hiyo kulikuwa na gitaa lake, ndani ya sanduku jeusi. Walipofika mawimbi yalikuwa makubwa. Mtumbwi ukagonga mawe, Yotamu akanyanyua sanduku lile juu ya kichwa ili lisilowe, akateleza. Sanduku likaanguka juu ya jiwe, na kasha la misumari likaanguka juu ya sanduku.

Nilikuwepo. Bwana Saa alilifungua sanduku palepale kwenye mchanga. Mgongo wa gitaa ulikuwa salama, ubavu salama, shingo salama. Lakini uso wake, ule ubao mwembamba wa mbele wenye tundu, ulikuwa umeingia ndani wote, vipande vipande. Alivigusa vipande vile kimoja kimoja. Kisha akatoa saa.

"Nani fundi hapa?"

Wakanisukuma mbele. Asante yao!

"Wewe fundi," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa hicho cha kukatakata. "Siku kumi na mbili, sikukuu ya Kaisari. Mabwana wote wanakuja hapa na meli, mimi napiga hii mbele yao. Wewe tengeneza. Nataka ubao mzima. Unasikia? Mzima! Ubao si mzima, mimi sitaki."

Akamwonyesha Yotamu kwa kidole. "Huyu anakwenda boma leo, anakaa huko. Gitaa ikiwa nzuri, mimi naandika barua, anarudi. Gitaa ikiwa mbaya, hamsa ishirini na mnyororo miezi sita."

Hamsa ishirini. Ninyi hamjui, mnacheka tu mkisikia wazee wanalitaja. Ndivyo tulivyoviita vile viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko, mtu amelazwa kifudifudi, mmoja ameshika mikono na mwingine miguu. Jirani yetu alipigwa hizo akiwa mtu wa miraba minne, akarudi hawezi kuinama. Yotamu na kile kifua chake, halafu mnyororo wakati wa mvua? Asingetoka. Mimi nilijua, Yunis alijua, na Yotamu mwenyewe alijua, kwa maana alipofungwa kamba kiunoni alijitahidi kucheka akasema, "Dada, niwekee samaki wangu, yule mbasa, usimpe shemeji." Yunis hakucheka. Alimshika mkono mpaka mlinzi wa Bwana Saa akamtoa kwa nguvu.

Nikabeba gitaa lililovunjika nikaenda nalo kwenye kibanda changu, na lile neno linanizunguka kichwani. Mzima. Ubao mzima. Maana yake nini?

Haya, nyinyi mnaojua Kiswahili tangu tumboni, nichekeni. Sisi tulijifunza ukubwani, juu ya Kinyakyusa chetu. Mimi neno mzima nililijua kwa maana ya mtu aliye hai. Fulani amekufa, fulani mzima. Nikajiambia, Mdachi huyu anataka ubao wa mti ulio hai. Akili yangu ya ufundi ilipinga, wallahi ilipinga, maana kila fundi anajua mti mbichi unajikunja. Lakini nilikuwa na hofu. Nikasema labda kitu chenye sauti kinataka mti wenye uhai, mambo ya Ulaya hayo nani ayajue. Hofu inamfanya fundi kuwa mjinga, na mimi siku hiyo nilikuwa mjinga kuliko wote ufukweni.

Nikapanda mlimani nyuma ya Matema siku mbili na shoka, nikatafuta mringaringa, mti tunaochongea ngoma. Nikaukata, nikapasua ubao, nikaubeba begani kushuka makorongo yale kwenye mvua. Nikauranda, nikautundika juu ya moshi jikoni ukauke haraka. Yunis alikuja akautazama.

"Huu unatoa jasho," alisema.

"Mama Anyisile, niache."

"Mimi nikiweka chungu kibichi motoni kinanipasukia usoni. Wewe ubao wako una dawa gani?"

"Niache, nimesema! Bwana ametaka mzima!"

Siku ya sita asubuhi ubao ulikuwa umejikunja kama jani la mgomba juani, na katikati umechanika ufa wa kuingia kidole. Nilikaa chini. Siku sita zimekwenda, zimebaki sita, na mimi sina kitu mkononi zaidi ya kuni. Sijaona aibu kubwa kama ile. Yunis hakuniambia "si nilikuambia". Angeniambia ningefurahi. Aliuchukua ule ubao, akauvunja kwa mguu, akautia jikoni, akapika.

Nilifikiri upya siku mbili. Mzima. Mzima pia ni kitu kisicho na ufa. Sahani nzima, nguo nzima. Basi! Kumbe ndivyo! Anataka ubao usiopasuka. Na ubao huo nilikuwa nao. Dukani kwa Mhindi nilikuwa nimepata sanduku tupu la chai, lililokuja na meli kutoka kusini. Ubao wake ulikuwa wa ajabu, mwembamba sana lakini ukiukunja haukatiki. Niliuchunguza ukingoni nikaona ni tabaka tatu zimegandishwa kwa gundi, nyuzi za tabaka ya katikati zimelala kukata zile za nje. Hiyo ndiyo plaiwudi yenu. Wakati ule kwetu haikuwa na jina, lakini nilipenda akili ya aliyeitengeneza. Tabaka moja ikitaka kupasuka, nyingine inaizuia. Weka juani, weka mvuani, haina habari.

Nilikata uso wa gitaa siku hiyohiyo, ukakaa pale sawasawa. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza. Nikamwita Yunis aone. Kosa langu.

Alifuta mikono, akaushika ule ubao ukingoni kwa vidole viwili, kama chungu. Akaugonga. Pwa. Akaugonga tena. Pwa.

"Umekufa huu," alisema.

"Umekufa vipi? Hauna hata ufa mmoja! Ni mzima!"

"Hauna ufa, lakini haujibu. Watu watatu wamefungwa pamoja, kila mmoja anamziba mwenzake mdomo." Akainua kile kipande kikubwa cha uso wa zamani nilichokuwa nimekiokota, akakigonga. Kilikuwa kipande tu, kimevunjika, lakini kiliitika, ting, sauti ikakaa hewani kidogo kabla ya kuzima. "Unasikia? Huyu ni mmoja. Tazama ukingo wake, hakuna tabaka. Mzima, Baba Anyisile. Mzima maana yake mmoja, haukuungwa. Kama mtu anavyosema siku nzima, mkungu mzima."

Jamani, niliona giza. Alisema kweli. Mwanamke ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza vyungu, aliniacha mbali mimi niliyefundishwa na misheni. Nikakasirika. Mnaona nawaambia ukweli. Badala ya kushukuru, nikakasirika.

"Sawa, ni mmoja! Lakini ubao wa kipande kimoja, mwembamba hivi, kwa mvua hii na jua hili, unaweza kupasuka siku yoyote. Unaweza kupasuka mkononi mwake mbele ya mabwana zake. Huu wa tabaka haupasuki kamwe. Sauti mbaya atanitukana. Ukipasuka, atamuua Yotamu. Unataka lipi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, vijana, na ndilo swali lenu la leo, ila ninyi mkikosea mnapoteza shilingi. Wa tabaka ni salama lakini ni bubu. Wa kipande kimoja unaimba, lakini unaweza kukusaliti. Yunis aliushika ule ubao wa tabaka mkono huu, na kile kipande cha zamani mkono ule. Aliyekuwa boma ni mdogo wake, si wangu.

"Yule bwana ana masikio," alisema mwisho. "Akilipiga likanyamaza, atajua palepale. Huo wa tabaka utamuua Yotamu kwa hakika. Huu mwingine labda."

"Na tunautoa wapi? Ubao mkavu, mwepesi, mpana shubiri moja na nusu, wa miaka mingi? Siku zimebaki nne!"

Aliingia ndani, nikasikia vyungu vinasogezwa. Akatoka na ubao wake.

Ubao ule niliufahamu. Nilimpa mimi mwenyewe siku tulipooana. Ulikuwa upande wa kasha lililoletea misheni vioo kutoka Ulaya, mti wao mweupe, mwepesi, nyuzi zimenyooka kama mistari ya daftari. Miaka saba aliutumia kuanikia vyungu vibichi, ndani kivulini. Nilikuwa nikiupita kila siku, na mimi ndiye fundi! Akaugonga mbele ya uso wangu. Uliitika kama kengele ya kanisani iliyo mbali. Nilisikia nywele zinanisimama.

"Kila nikiweka chungu juu yake unaniambia," alisema. "Kata."

Siku ya tisa nilianza kuuranda. Hapo ndipo nilipojua jasho la woga ni tofauti na jasho la kazi. Ubao ulikuwa mmoja, wa pili haupo. Uso wa gitaa unatakiwa uwe mwembamba sana, karibu unene wa kucha mbili. Ukiuacha mnene umenyamaza. Ukizidisha kuuranda umetoboka. Nilikuwa nasukuma randa kidogo, nasimama, napumua. Yunis alikaa mbele yangu, mikono safi, na kila baada ya misukumo kumi anauinua, anaugonga.

"Endelea."

"Unatosha sasa."

"Endelea, Baba Anyisile. Bado umebana koo."

"Utatoboka!"

"Endelea."

Nikaendelea. Mwanga wa mlango ulianza kuonekana mwekundu kupitia ubao ule nilipouinua, umekuwa mwembamba namna hiyo. Yunis akaugonga mara moja, akaweka kiganja juu yake kuunyamazisha, akasema, "Basi." Nikaweka randa chini na kutoka nje kunawa uso.

Siku ya kumi nikagandisha. Nilirudisha vile vijiti vya ndani vya zamani, nikachemsha gundi, nikaweka uso mahali pake, nikaufunga kwa kamba za magome na mawe juu. Asubuhi ilikuwa mvua tupu. Mchana, ghafla, mawingu yakafunguka na jua likatoka, jua lile la ufukweni linalotoa mvuke ardhini. Joto likaingia kibandani. Tukiwa tumekaa tunatazama, ubao ukalia. Tak.

Sijawahi kusikia sauti ndogo iliyonitisha hivyo. Tukatazamana. Tak, tena.

"Unakauka upesi mno," alisema Yunis, akainuka mbio. "Unakauka nje, ndani bado. Lete majani ya mgomba! Kimbia, mwanamume!"

Nilikimbia. Nilivunja majani ya mgomba wa jirani bila hata kuomba. Niliporudi, Yunis alikuwa amelizungushia gitaa vyungu vyake vibichi, vile vya jana vilivyojaa unyevu, vyungu tisa, akalifunika pamoja navyo kwa majani, kama anavyofunika kazi yake ili isipasuke kabla ya moto. Kisha akakaa kando na kutega sikio. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipozama nyuma ya tambarare. Haukulia tena. Siku mbili hakuniruhusu kufunua zaidi ya jani moja moja, na vyungu vile tisa viliharibika vyote.

Siku ya kumi na mbili asubuhi nilifunga zile nyuzi zake za utumbo wa mnyama, tukalipeleka. Mimi nimebeba, Yunis nyuma yangu. Bwana Saa alikuwa kwenye baraza, amekwisha vaa nguo nyeupe za sikukuu. Alilichukua bila salamu. Akawasha kiberiti, akachungulia ndani ya tundu, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu kutafuta tabaka. Mungu wangu! Kama ningeweka ule wa sanduku la chai, angeujua hapohapo. Kisha naye akaugonga. Kisha akakaza nyuzi, na kila alivyokaza mimi nilisikia tak ndani ya kichwa changu.

Akapiga. Sijui alipiga nini. Sauti ilijaa baraza, ikatoka nje, na wapiga kasia waliokuwa ufukweni wakanyanyua vichwa. Alipiga kwa muda mrefu, saa yake imelala mezani na hakuitazama.

"Mzima," alisema. Akaandika barua palepale, akanikabidhi.

Tulipanda milima siku mbili na barua ile nimeifunga kwenye kitambaa kifuani. Yunis alibeba mbasa mkavu, wa Yotamu. Njia nzima alizungumza, yeye ambaye hazungumzi akipanda. Alisema atamnunulia blanketi. Alisema atamwozesha. Nami nilimtania, nikasema kwanza atuchongee ubao mwingine wa vyungu, akacheka mpaka akashika mti.

Langoni kwa boma karani aliisoma barua, akaipeleka ndani, tukangoja. Kisha Yotamu akatoka. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe! Amekonda, lakini anatembea, na alipotuona akatabasamu. Nilirusha mikono juu nikapiga kelele, "Ndaga Kyala, ndaga fijo!" nikimshukuru Mungu kwa lugha ya mama yangu mbele ya askari wote.

Yunis alimkimbilia. "Mdogo wangu, u mzima?"

"Mzima, dada."

Mimi nilisikia mzima. Nilifurahi. Lakini Yunis alisimama. Alimtazama, akasogea karibu, sikio lake limeinama kidogo, vile ninavyomjua.

"Sema tena."

"Mzima, dada. Twende."

Yunis akakaa chini palepale kwenye vumbi la lango na kuanza kulia. Nikamwambia inuka, aibu gani hii, mtu si huyu hapa? Askari mmoja alitusikia. Hakuwa mtu mbaya, alitaka kutufariji.

"Mama, unalia nini?" alisema. "Barua yenu imemsaidia sana. Hamsa ishirini za kuingia alikula siku ileile alipofika, hizo kila mtu anazipata. Barua imemsamehe za kutoka."

Siku ileile alipofika. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Siku hiyo nilikuwa mlimani natafuta mti ulio hai. Kabla sijashika randa, kabla hatujagombana, kabla ubao haujalia, ilikuwa imekwisha. Nilitaka kumrukia yule askari nimng'ate, na Yotamu ndiye aliyenishika mkono. Mkono wake haukuwa na nguvu yoyote. Shati lake kwa nyuma lilikuwa limegandamana na vidonda vya mgongo.

Yunis alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akainuka, akauweka mkono wa mdogo wake juu ya bega lake.

"Twende nyumbani," alimwambia. "Kwangu hakitupwi kitu."

Alimweka kwetu, kule ndani, katikati ya vyungu vyake vya mpunga. Hakupiga kasia tena. Vidonda vilifunga, lakini kifua hakikufunga, na mgongo ulikataa kunyooka. Alilala kwa ubavu, na kugeuka hakuweza mwenyewe. Tulivuna mpunga mara mbili akiwa nasi, mara ya tatu hakuwepo.

Jioni nyingi Bwana Saa alikuwa akipiga lile gitaa barazani kwake, na upepo ukituelekea tulilisikia hadi nyumbani. Mimi niliondoka nikaenda mbali, sikuweza. Yunis hakuondoka. Aliacha udongo wake, akasimama mlangoni, mikono imechafuka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Bado haujapasuka," aliniambia jioni moja. "Ule ubao ni mzima kabisa."

Kisha akanawa mikono, akaingia ndani kumgeuza Yotamu ubavu wa pili.